Darasa la kusoma Maandiko la Alhamisi jioni, Area D Dodoma: maoni yangu baada ya msimu mzima

Kwa anayetafuta sehemu ya kujifunza kusoma Biblia kwa kina hapa Dodoma bila kwenda chuo, kuna darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa moja la Anglikana upande wa Area D, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu usiku, na mi nimekaa nalo msimu mzima kwahiyo naongea kitu nilichokiona. Jina la kanisa naliacha makusudi maana nina sifa nyingi za kutoa lakini nina malalamiko pia, na malalamiko nilishayapeleka kwa wahusika wenyewe. Ukifika Area D ukauliza darasa la Maandiko utaonyeshwa. Ada ni elfu ishirini kwa msimu pamoja na kopi za masomo, na asiye nayo wanamwambia aje hivyohivyo, hilo nimeliona mwenyewe, kuna mama alikuja hana kitu na hakuna aliyemsumbua.

Niseme kwanza ni darasa la nini, maana wengi wakisikia darasa la Biblia wanafikiria ni semina ya maombezi au ni kukariri mistari ya mashindano ya vijana. Hapa wanafundisha kufasiri Maandiko ndani ya Kanisa, yaani mnasoma kama watu mliobatizwa, mnaokiri imani moja, mnaokula meza moja ya Bwana, na swali linalorudi kila wiki ni Mungu anatuambia nini sisi hapa. Historia wanaichimba, nani aliandika, aliwaandikia akina nani, kulikuwa na shida gani, ila wakishamaliza hapo hawafungi kitabu, wanauliza Kanisa limelisomaje andiko hili tangu mwanzo mpaka leo, alafu wanauliza tukitoka hapa tunaenda kuishije. Mwalimu ni mchungaji mstaafu, Mgogo wa hukuhuku, alishafundisha chuo cha theolojia miaka mingi, mtu mpole ila ukileta andiko limekatwa kichwa na miguu hakuachii. Sisi tunamwita Baba Mchungaji, yeye anatuita wapendwa, na wazee wa Kigogo akiwaona mlangoni anawaanza na mbukwa kabla hajasalimia mtu mwingine yeyote.

Utaratibu wao ulinishangaza mwanzoni. Andiko linasomwa lote kwa sauti, mara mbili, na watu wawili tofauti, na katikati hairuhusiwi mtu kutoa maoni wala kusema amina. Wengine wana Biblia ya Union ile ya 1952, wengine wana Habari Njema, kuna wazee wawili watatu wanakuja na ya Cigogo, yote inaruhusiwa. Kisha mnanyamaza kidogo, ndo mjadala unaanza. Mi naona hiki kitu peke yake kinastahili hiyo ada, kwa sababu makanisani kwetu tumezoea mhubiri anasoma mstari mmoja na nusu alafu anafunga Biblia anahubiri saa nzima mambo yaliyo kichwani kwake, na sisi tunaitikia. Hapa unasikia sura nzima, na ukishasikia sura nzima kuna mahubiri mengi uliyowahi kuyasikia yanaanza kukosa pa kusimama.

Mfano ni Yeremia 29:11. Huu mstari uko kwenye stika za bajaji, kwenye kalenda, kwenye kadi za mahafali, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", kila mtu ana wa kwake. Baba Mchungaji akatuanzisha sura ya 28. Kule kuna nabii anaitwa Hanania, anawaambia watu kwa jina la Bwana kwamba miaka miwili tu nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi, na watu kwa vyovyote walifurahi, nani asingefurahi. Yeremia anamwambia Bwana hakukutuma, na mwaka uleule Hanania akafa. Baada ya hapo ndo inakuja barua ya sura ya 29 kwa wale waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia, na barua inasema jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae watoto, na utakieni amani mji ule niliowahamisha, mkauombee kwa Bwana, na mambo ya kurudi ni mpaka itimie miaka sabini. Yaani wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa walikuja kufia kulekule. Ile ahadi ya tumaini walipewa kama taifa, wakiwa ugenini, na ndani yake kuna kazi ya kufanya kwa ajili ya jirani Mbabeli ambaye hata hawampendi.

Pale ukumbini nusu ya watu ni watumishi wa serikali tuliohamia kuanzia 2016 serikali iliposema sasa inahama kweli, maana uamuzi wenyewe ni wa 1973 na ulikuwa umekaa tu. Wengi wetu tulikuja kwa kunung'unika, familia zimebaki Dar, Ijumaa jioni mtu yuko barabarani, mji tunaukalia kama stendi. Mwalimu hakutulinganisha na mateka, alisema wazi kuhamishwa kikazi na mshahara juu sio kuchukuliwa utumwani na tusijipe machozi yasiyo yetu. Ila akaonyesha kwamba Kanisa toka zamani limeisoma barua hii kama yake, Petro anawaita Wakristo wapitaji na wasafiri, na Augustino, yule askofu wa Hippo ambayo leo iko Algeria, kwenye kitabu chake kuhusu mji wa Mungu alichoanza kukiandika baada ya Roma kuporwa mwaka 410, anaileta hiihii ya kuuombea amani mji wa ugenini, kwamba watu wa Mungu wanaitumia amani ya dunia hii na wanawajibika kuitafuta pamoja na wasioamini. Kwahiyo swali likawa, mtu wa wizara anayeishi Dodoma anautakia nini mji huu? Anajua hata shida ya maji ya mtaa wa pili? Siku ile mjadala ulivuka saa mbili na watu hawataki kuondoka.

Sasa kuna watu watasema mbona mnanyima watu faraja, mstari umewabariki mamilioni. Hakuna aliyenyimwa kitu. Mi baada ya kuusoma hivi naushika zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa najua hata nikisubiri na nisione, ahadi bado ipo, imekaa kwa Kanisa zima na siyo kwenye faili langu la kupanda daraja.

Jambo la pili lililonivuta ni namna walivyofundisha kanuni ya imani, yaani ule muhtasari wa imani ambao Kanisa linautumia kupimia usomaji wa Maandiko. Nilidhani itakuwa kavu. Walianza na Ireneo, askofu wa Lyon huko Ufaransa ya leo, aliyeandika kama mwaka 180 akipingana na watu waliokuwa wananukuu Biblia kila dakika lakini wakiijenga hadithi tofauti kabisa. Ireneo anasema ni kama fundi hodari ametengeneza sura ya mfalme kwa vito vya thamani, akaja mwingine akavipangua vito vilevile akavipanga upya ikatoka sura ya mbwa au mbweha, alafu akawaambia wasiomjua mfalme kwamba huyu ndo mfalme, si mnaona vito ni vyake? Kila kito ni cha kweli, sura ndo ya uongo. Mwalimu aliacha tukae na hilo, kisha akauliza mahubiri gani mmesikia mwezi huu yenye vito vya kweli na sura ya mbweha. Watu walitaja mengi, bila majina ya watumishi, hiyo ni sheria ya darasa na naipenda, huruhusiwi kumsema mtumishi wa mtu.

Kutoka hapo tukaenda Nikea mwaka 325, kwenye mtaguso wa maaskofu uliobishania kama Kristo ni Mungu au ni kiumbe, na kwa vile 2025 ilitimia miaka 1700 tangu mtaguso ule, alitumia Alhamisi mbili. Alichosisitiza ni kwamba Ario, yule padri aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, hakuwa mtu wa kukataa Biblia. Alikuwa na mistari. "Baba ni mkuu kuliko mimi", Yohana 14:28, iko pale. Athanasio, mpinzani wake aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria, naye ana mistari, "Mimi na Baba tu umoja", Yohana 10:30. Ukibaki na vita ya mstari kwa mstari hamtamaliza, na kweli hawakumaliza haraka, ugomvi uliendelea miongo mingi baada ya mtaguso na Athanasio alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Kilichoamua ni swali kubwa zaidi, Maandiko yote kwa pamoja yanamhubiri nani, na sisi tunaomwabudu Kristo na kubatiza kwa jina lake tunafanya nini kama yeye ni kiumbe tu? Ile Imani tunayoisema kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, wengi wetu kwa mwendo wa treni, ni matokeo ya watu kusoma Biblia pamoja kwa machozi na kwa gharama. Huyohuyo Athanasio ndo kwenye barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ametaja vitabu 27 vya Agano Jipya vilevile tulivyo navyo leo. Mtu wa Alexandria, Afrika. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alisema amekua akidhani mambo haya yote yametoka Ulaya, na nadhani hakuwa peke yake.

Na kwa vile ni Waanglikana alituletea zile Ibara 39, yaani maelezo ya zamani ya imani ya Kianglikana, ambazo wengi wetu tumebatizwa, tumepata kipaimara, tumefunga ndoa, bila kuziona. Ibara ya 20 inasema Kanisa lina mamlaka kwenye mabishano ya imani lakini si halali liamuru kitu kilicho kinyume na Neno lililoandikwa, wala lisifafanue sehemu moja ya Maandiko ikapingana na nyingine. Iwekeni akilini hiyo, nitairudia kwenye malalamiko.

Zaburi za laana ndo mahali nilipoona darasa hili linagusa maisha ya watu kabisa. Mnajua mikesha yetu ilivyo. Zaburi 109 inasomwa usiku wa manane watu wanapiga mikono chini, siku zake ziwe chache, watoto wake wawe yatima, na mtu kichwani mwake ana sura ya mama mkwe, au ya jirani mwenye duka, au ya bibi mmoja kijijini mwenye macho mekundu. Na nchi hii tunajua yanakoishia, wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, hili sio jambo la kubishana. Mwalimu hakusema zaburi hizi zifutwe. Katika darasa kuna mzee Mkatoliki, huwa anakuja na binti yake, akaeleza kwamba kwao kwenye Liturjia ya Vipindi, zile sala za Kanisa za kila siku, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Zaburi ya 58, ya 83 na ya 109 ziliondolewa, na baadhi ya mistari kwenye nyingine. Mwalimu akasema anaelewa kwa nini, ila yeye angependa zibaki, kwa sababu mjane aliyedhulumiwa kiwanja anahitaji maneno ya kulia mbele za Mungu na sisi hatuna haki ya kumpokonya. Isipokuwa kuna namna ya kuziomba. Anayeomba Zaburi 109 anamkabidhi Mungu kesi yake na anaondoa mkono wake, ndo maana Paulo anasema kisasi ni juu yangu, mimi nitalipa, anena Bwana. Na Kanisa linaziomba likiwa nyuma ya yule aliyesema msalabani "Baba, uwasamehe", huwezi kumpita ukaenda mbele peke yako na orodha ya majina.

Akatupeleka pia Zaburi 137, ule mwisho wa kutisha wa kuwapiga watoto wa Babeli kwenye mwamba. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tatu, alisoma hao wachanga kuwa ni mawazo mabaya yanapoanza tu kuzaliwa moyoni, na mwamba ni Kristo, unayapondea pale kabla hayajakua. Na watawa wa Benedikto wamelipokea hivyo kwenye kanuni yao. Dada mmoja akauliza, huko si kukwepa? Mwandishi alimaanisha watoto kweli. Mwalimu akakubali kwamba mwandishi alikuwa na uchungu wa kweli, ameona watoto wake mwenyewe wakifanyiwa hivyo, na tusiruke hapo haraka, kwanza tukae na huo uchungu. Lakini Kanisa haliwezi kuuweka huo mstari mdomoni mwa Kristo kama ulivyo, kwahiyo limetafuta njia ya kuuimba bila kuua mtu. Mi nililikubali jibu. Yule dada naona hakuridhika na aliendelea kuja.

Nikiulizwa jioni ipi ilikuwa bora kuliko zote nasema Yohana 15, na nadhani isingeweza kutokea mji mwingine nchi hii. "Mimi ndimi mzabibu wa kweli, na Baba yangu ndiye mkulima." Mhubiri wa Dar anahubiri hili bila kuwahi kushika mzabibu. Hapa alisimama mama mmoja kutoka Hombolo, ana shamba la zabibu, mwalimu akamwambia mama tufundishe. Akaeleza wao wanavuna mara mbili kwa mwaka kwahiyo wanapogoa mara mbili, na kupogoa sio kukata kidogo kwa huruma, unakata mpaka mtu asiyejua akipita anasema umeua shamba. Ukishakata, pale kwenye kidonda panatoka maji, yanadondoka, wakulima wengine wanasema mzabibu unalia. Kisha linakuja chipukizi jipya, na kichala kinakaa kwenye chipukizi jipya, ukiona huruma ukaacha matawi yote unapata majani mengi na zabibu ndogondogo zisizo na bei. Akasema na lile tawi ulilokata ndani ya siku chache jua la Dodoma limelimaliza. Mwalimu akamuuliza, mti wake mnaufanyia nini? Mama akasema mti wa mzabibu haufai kitu, hata mpini wa jembe hupati, unachoma.

Baba Mchungaji akatuambia fungueni Ezekieli 15. Sikuwahi kuisoma hiyo sura maishani, ni fupi. Mungu anamuuliza Ezekieli, mti wa mzabibu una ubora gani kuliko miti mingine, je watu hutwaa mti wake kufanyia kazi yoyote, hata kigingi cha kutundikia chombo? Ni kitu kilekile mama alichosema dakika moja kabla, na yeye alikuwa hajasoma. Watu walishangilia. Kutoka hapo tukaenda Zaburi ya 80, mzabibu ulioletwa kutoka Misri, na Isaya 5, shamba lililotunzwa likazaa zabibu-mwitu. Ndo ukarudi kwa Yohana unaelewa kwa nini Yesu anasema mzabibu *wa kweli*, kuna historia nzima ya Israeli nyuma ya hilo neno na anajiweka yeye pale taifa liliposhindwa. Na anayasema haya usiku wa karamu ya mwisho, kwahiyo Kanisa likisoma Yohana 15 kikombe kiko mezani.

Alafu akamalizia Isaya 5 kwa kusoma mstari unaofuata wimbo wa shamba, mstari wa 8, ole wao waungao nyumba na nyumba na shamba kwa shamba mpaka wengine wakose nafasi. Kwenye mji huu ambao kila mtu ana stori ya kiwanja! Mjadala ukawaka mpaka mlinzi akaja kusema anafunga geti. Mama wa Hombolo alikuwa anajua mzabibu, mwalimu alikuwa anajua Ezekieli, mtu wa ardhi alikuwa anajua viwanja, na hakuna mmoja wetu ambaye angefika pale peke yake. Ndo maana nasema hili darasa sio la kusikiliza rekodi nyumbani.

Sikukubaliana na kila kitu. Kwenye Msamaria Mwema mwalimu alitumia karibu muda wote kwenye tafsiri ya mababa wa Kanisa, wale walimu wa karne za kwanza, kwamba aliyeangukia wanyang'anyi ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, Origene na Augustino wote wanaipokea. Ni nzuri na inamtukuza Kristo, siipingi. Lakini Yesu alimaliza kwa kusema "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo", na tulibakiwa na dakika chache sana za hilo, wakati Augustino huyohuyo ndo alisema anayedhani ameelewa Maandiko na ufahamu wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani basi bado hajaelewa. Kwa kipimo hicho jioni ile ilipaswa kuishia kwenye mtu aliyelala barabarani. Nilisema, mwalimu akasikiliza, wiki iliyofuata alianza kwa kurudi hapo. Nampa heshima yake.

Malalamiko sasa. Hawaanzi kwa wakati, ratiba inasema saa kumi na moja na nusu lakini mpaka watu wakusanyike ni kumi na mbili na kidogo, na kinacholiwa ni sehemu ya mwisho, ile ya tunaishije, ambayo ndo tamu. Ukumbi umepakana na chumba cha mazoezi ya kwaya na Alhamisi ni siku ya kwaya, kinanda na ngoma vinaingia mpaka kwenye sala, wazee wa nyuma hawasikii na maiki hakuna. Kopi zimefifia, kuna siku niliyopewa ilikuwa karibu nyeupe. Ufunuo wa Yohana uliwekwa jioni moja tu wakati ndo kitabu kinachotusumbua zaidi mitaani na mambo ya chapa na 666.

Kubwa kuliko hayo yote ni hili. Akina mama waliuliza kuhusu 1 Timotheo 2, ile ya mwanamke kujifunza kwa utulivu na kutofundisha, walitaka isomwe pamoja na Prisila ambaye pamoja na Akila walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, Matendo 18:26, na Fibi wa Warumi 16. Wakaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine, na msimu ukaisha. Darasa ambalo limetufundisha Ibara ya 20, kwamba sehemu moja isifafanuliwe ikapingana na nyingine, lilikuwa na wajibu wa kufungua hizo sehemu mbele ya watu na kuhangaika nazo kama lilivyohangaika na Zaburi 137. Wengi wa wanafunzi ni akina mama, ndo wanaofundisha Shule ya Jumapili, ndo wanaoongoza ibada za nyumbani, na wanastahili zaidi ya ahadi. Nimeliandika kwenye karatasi ya maoni na nalirudia hapa kwa sababu nataka lifanyike.

Ukilinganisha na vingine vilivyopo mjini, kuna semina niliyohudhuria kwenye ukumbi wa hoteli moja, kiingilio kikubwa mara kadhaa ya hii ada, skrini, viti vya kitambaa, na kila andiko lililofunguliwa liliishia kwenye bahasha. Malaki 3:10 ilisomwa kila kipindi, leteni zaka kamili ghalani, na hakuna hata mara moja aliyesoma mstari wa 5 wa sura hiyohiyo ambapo Bwana anakuja kuhukumu wanaomwonea mwajiriwa kwenye mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Nilitoka nimechoka roho. Kwa upande mwingine ukitaka cheti au digrii hapa hutapata, nenda Msalato au St John's, au kama uko upande wa Kongwa kuna St Philip's, hapa unatoka na daftari lako tu. Na kama wewe ni Mkatoliki na jumuiya yenu ndogondogo mnasoma Injili ya Jumapili kila wiki tayari mna mlango, ila kuja bado nakushauri, yule mzee na binti yake walituongezea mengi.

Wainjilisti wa vijijini ndo ningependa wafikiwe zaidi. Wanatunza makanisa ya mbali ambako mchungaji anafika kwa nadra, wao ndo wanafasiri Maandiko Jumapili baada ya Jumapili, na ratiba ya Alhamisi usiku mjini inawaacha nje kabisa. Kulikuwa na mmoja anakuja na pikipiki kutoka mbali, akikosa mafuta anakosa somo. Nimependekeza wawe na Jumamosi moja ya mwezi mchana, wamesema watalifikiria.

Msimu unaofuata wanaanza na Waebrania, na mwalimu ameshasema tuje tumesoma Walawi 16 nyumbani, yote, siyo kurukia. Njoo na Biblia ya karatasi ukiweza maana umeme ukikatika simu ikiisha chaji umebaki unasikiliza tu, kaa mbele kwa sababu ya kwaya, na kama unatumia daladala panga usafiri wa kurudi mapema, hasa akina dada, baada ya saa mbili pale nje zinabaki bodaboda tu na ni vizuri kuondoka wawili wawili.